Kona ya Tano

Mwaka ambao maafisa wa kupima mashamba walifika kwetu Kanyangi, nilikuwa kidato cha kwanza na nilijiona profesa. Kamati ya ardhi ilitaka kila boma litoe mchoro wa shamba lake kabla bikoni, yale mawe ya kuonyesha mipaka, hazijachimbiwa. Baba, ambaye hakusoma, alinipa kazi hiyo mbele ya wageni. Nikavimba kichwa.

Nilifuata mpaka wetu, yaani mstari wa makonge, nikachora kona nne kwa rula. Mchoro ulipendeza. Baba aliusifu hadi kanisani.

Jirani yetu, mama mjane, alipouona hakupiga kelele. Alinishika mkono akanipeleka mpakani.

"Wewe msichana, hapa kwangu umepeleka wapi?"

Hapo makonge yaliingia ndani ya shamba letu, yakapinda, yakatoka tena. Ndani ya huo mbonyeo kulikuwa na matuta yake, yaliyochimbwa na mwethya, wale akina mama wa kulimiana kwa zamu, na kaburi la mumewe. Niliiruka kona hiyo kwa sababu iliharibu umbo langu. Niliona aibu sana.

Nilileta kamba ya ng'ombe. Yeye alishika ncha kwenye kona moja ya shamba letu, mimi nikaivuta hadi kona iliyofuata. Ikapita juu ya kaburi. Shuleni tulifundishwa kwamba umbo lisilobonyea, ukichagua nukta mbili zozote ndani yake, unaziunga kwa mstari mnyoofu bila kutoka nje. Mstari ukitoka nje, umbo limebonyea. Nilikuwa nimeyakariri hayo kwa ajili ya mtihani tu.

Siku ya kamati nilisimama mbele ya watu wote.

"Baba, nimekosea. Shamba letu lina kona tano."

"Si ulisema ni nne?"

"Ya tano inaingia ndani. Hapo ni kwa mama jirani."

Alinitazama, akamtazama yule mama, kisha akamwambia afisa, "Andika tano."

Bikoni zikachimbiwa. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kona moja, mbaazi zetu kwenye kona iliyofuata, na njia fupi ilikatiza kwa mama jirani. Mvua ya kwanza ilipoanza, baba alisimama kwenye makonge, jembe begani, kofia mkononi, akapiga hodi.

"Pita tu, mzee," yule mama akajibu. "Lakini zunguka kaburi."

Baba akazunguka.