Kaka Anaitoa Kazi Yake Kwenye Kiini

Ofisini kaka yangu wanamwita Babu Kiini, ingawa mtoto wake mkubwa bado yuko sekondari. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, ile inayoziendesha nyingine zote. Programu za kawaida hukaa nje yake. Kosa likitokea nje, programu moja inaanguka na nyingine zinaendelea. Likitokea ndani, mashine nzima inazimika. Ndiyo maana pale kwao wana desturi: ukiingiza kitu kwenye kiini, ni chako. Kikileta balaa unaitwa wewe, hata kama uko harusini.

Sehemu aliyoiandika kaka ndiyo inayofanya mazungumzo ya magari ya wagonjwa yasikatike gari linapotoka mtandao mmoja kuingia mwingine. Aliiweka ndani ya kiini ili iende kasi. Alijivunia kazi hiyo kuliko nyumba aliyojenga.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzoni funguo, tukamtania. Baadaye jina la mkewe, na utani ukaisha. Daktari alituambia ugonjwa huu haurudi nyuma.

Jumapili moja nilimkuta sebuleni, kompyuta mapajani.

"Mdogo wangu, hebu njoo. Nani kaandika hii?"

"Wewe, kaka."

"Acha utani." Akasoma tena, midomo ikicheza. "Huyu jamaa ana akili, ila anaringa. Hakuacha maelezo hata kidogo. Sasa mwenzake ataielewaje?"

Nilicheka, halafu nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jioni alikumbuka kuwa mwandishi ni yeye, akasema lazima aende ofisini. Siku hizo alikuwa hatoki tena peke yake, kwa hiyo kesho yake nilimpeleka kwa bosi wake, mwanamke aliyeanza kazi chini yake. Kaka alimwomba ile sehemu itolewe kwenye kiini, iandikwe upya kama programu ya kawaida.

"Mzee, itapungua kasi," bosi alisema. "Madereva watanila nyama."

"Itapungua kidogo. Watazoea."

"Lakini ni kazi yako ya miaka yote hii."

"Ndiyo shida yenyewe. Anayeijua ni mimi, na mimi nimeanza kuondoka. Ikileta balaa mtanipigia. Nitapokea, nitawaitikia vizuri tu, na sitajua mnaongea nini. Huku garini kuna mgonjwa. Ikiwa nje, itaanguka peke yake, na yeyote kati yenu ataiinua."

Bosi alivuta daftari lake, akaandika.

"Haya, Mzee. Tuitoe."

Wenzake wangeandika ile mpya. Kaka alitakiwa kuonyesha mistari ya zamani ya kutoa, maana ilikuwa imejisokota ndani ya kiini kama mizizi. Tulikaa mezani kwake, mimi nikisoma mstari, yeye akisema utoke au ubaki. Mimi nafundisha kemia, nilichokisoma sikukielewa. Yeye alikuwa mchangamfu, kama zamani.

Kabla hatujafika nusu alinishika mkono.

"Ngoja. Mbona tunaibomoa? Inafanya kazi vizuri."

Nikamweleza kwa maneno yake mwenyewe, kama alivyomwambia bosi. Alisikiliza kama anayepewa habari za mtu baki, kisha taratibu uso ukabadilika.

"Kumbe," alisema. "Basi soma unaofuata."

Ilibidi nimweleze tena na tena kabla hatujamaliza, na kila mara alikubali.