Miwani ya Wazee wa Kamanga

Mke wangu akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni hutamka neno moja tu, "miwani," nami nanyamaza palepale, maana hadi leo nikiikumbuka siku ile masikio yanapata moto. Basi leo nasimulia mwenyewe, bila kujipendelea, kwa sababu siku hiyo mzee wa watu alivunjika mkono na mama mmoja mwema akadhalilishwa mbele ya umati, na chanzo cha yote nilikuwa mimi na beseni la maji ya sabuni.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara zimefunguliwa na kila mtu Mwanza amegeuka mfanyabiashara, na mimi niliyepunguzwa kazi kiwandani nikawa nauza mitumba pale Igoma. Mambo yaliponinyookea kidogo nikaalikwa kujiunga na klabu moja ya huduma ya mjini, ya watu wenye maduka, walimu na wauguzi, waliokuwa wakikutana kila Alhamisi kujadili madawati ya shule na visima vya maji. Nakiri kwamba kilichonivuta kwanza hakikuwa visima. Ilikuwa ile beji ya kwenye koti.

Mwaka huo tuliandaa dansi la mchana, tukauza tiketi na pilau, na mapato yakaenda kwenye mradi wa macho. Klabu rafiki ya ng'ambo ikatutumia boksi la miwani iliyokwisha kutumika. Sista Leokadia, muuguzi wa macho na mwanachama mwenzetu, alivuka ziwa kwa kivuko hadi Kamanga, akawapima wazee thelathini na sita, kisha akarudi mjini na kwa wiki nzima, kila akitoka kazini, akawa anapima lenzi moja moja kutafuta inayomfaa kila mzee, na kila aliyoipata akaibandika kijikaratasi chenye jina la mwenyewe. Kazi ya mikono mitulivu hiyo, mimi nisingeiweza hata saa moja.

Siku ya Ijumaa mwenyekiti wetu, Mzee Salum, muuza vipuri vya magari, akanikabidhi boksi.

"Deo, kazi yako ni moja tu," akasema. "Lifike Kamanga kesho asubuhi."

Nikalifikisha nyumbani, nikalifungua. Miwani ilikuwa na vumbi, mingine ina alama za vidole vya wazungu wa watu, na mimi muuza mitumba nina imani moja maishani, kwamba kitu kikuukuu kikipata maji na sabuni kinakuwa kipya. Nikawaza jinsi mgeni rasmi atakavyoishika miwani inayong'aa na kuuliza nani kaisafisha. Nikachukua beseni.

Mke wangu alipita, akasimama. "Baba Neema, umeambiwa uioshe?"

"Miwani ni miwani," nikamjibu.

Nilipogeuka kutafuta kitambaa cha kufutia na kurudi, vijikaratasi vyote vilikuwa vinaelea juu ya povu, wino umetawanyika, huwezi kusoma jina hata moja. Nilikaa chini. Sasa hapo, ndugu zangu, ndipo mtu mwenye akili angevaa viatu na kwenda kwa Sista Leokadia kumwambia nimeharibu, tuahirishe. Mimi nikachukua karatasi na gundi. Orodha ya majina nilikuwa nayo, nikaandika upya yote thelathini na sita na kuyabandika kwa kukisia, fremu nene nikawapa wanaume, fremu nyembamba nikawapa akina mama, na nikajiambia kwamba mtu ambaye hajawahi kuvaa miwani maishani yoyote itamsaidia.

Kesho yake tulivuka. Uwanja wa zahanati ulikuwa umefagiliwa, viti vimepangwa barazani kwa ajili ya wageni, wazee wamevaa nguo zao za kanisani na wengine kanzu, na diwani alikuwa mgeni rasmi. Aliyeitwa kwanza ni Bibi Kabula, mke wa Mzee Masanja, mkulima wa pamba wa pale. Alipanda ngazi za baraza polepole, diwani akamvisha miwani, watu wakapiga makofi, kisha Mzee Salum, aliyependa mambo yaonekane, akampa sindano na uzi.

"Bibi, tutungie huo uzi watu waone."

Bibi Kabula akajaribu. Uzi ukapita kushoto kwa sindano, ukapita kulia, akaisogeza sindano puani, akaipeleka mbali. Mwishowe akaishusha mikono na kutabasamu.

"Naona vizuri sana, wanangu," akasema. "Mikono tu ndiyo inatetemeka. Asanteni."

Watu wakashangilia. Mimi nilijua mikono ile haikutetemeka hata kidogo. Bibi yule alikuwa anatusitiri sisi wageni wake tuliotoka mbali, na waliomfuata wakafanya hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, "naona, baba, naona," huku wakishuka ngazi kwa kupapasa ukuta. Nikaanza kuamini (mtu anaweza kuamini chochote akitaka) kwamba pengine itapita.

Mzee Masanja alikuwa wa tisa. Yeye hakupapasa ukuta. Alivishwa miwani ya fremu nene, akamshukuru diwani, akageuka na kutembea kama mwanaume anayetazamwa, na ngazi ya kwanza akaikosa, akakanyaga hewa. Alianguka ubavu, mkono chini yake, na nilisikia mfupa kabla sijasikia sauti yake.

Zogo likawa kubwa. Mganga wa zahanati akamkimbilia, Bibi Kabula akapiga magoti kando ya mumewe, na Sista Leokadia akaiokota ile miwani mavumbini, akaiinua juu machoni pake, akakunja uso.

"Hii siyo yake," akasema.

Mzee Salum alikuwa amefedheheka mbele ya diwani, na hasira ikamtangulia. "Siyo yake vipi, Sista? Si wewe uliyewapima? Umepima watu au umepima nini?"

"Mwenyekiti, mimi nilibandika majina..."

"Majina si hayo hapo! Mtu anasoma jina lake na anaanguka!"

Nyuma wakaanza kunung'unika. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba wauguzi wa mjini wanakuja kujifunzia kwenye macho ya wazee wa watu. Sista Leokadia alisimama katikati ya baraza, miwani mkononi, anatazama kijikaratasi kile kwa mshangao kwa sababu mwandiko haukuwa wake. Na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilinyamaza. Nataka mjue kwamba nilinyamaza, na haikuwa kwa kukosa nafasi ya kusema. Nilikuwa napima kama anaweza kuubeba mzigo ule badala yangu.

Ndipo akainua macho, akanitazama, akaelewa.

"Ni mimi," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. "Niliosha miwani, majina yakatoka, nikabandika kwa kukisia. Sista hana kosa."

Diwani akavua kofia. Mzee Salum akakaa. Nikaitoa beji kwenye koti langu mwenyewe, na nadhani hakuna aliyegundua, kila mtu alikuwa anamwangalia Mzee Masanja akifungwa vibao mkononi. Mzee akaniita kwa kidole cha mkono mzima.

"Kumbe ulijua," akaniambia, meno yamebana. "Ulijua, ukanitazama nikishuka."

Nikasema, "Nisamehe, mzee wangu," naye akafumba macho.

Mchana kutwa Sista alipima upya, lenzi kwa lenzi, macho kwa macho, na mimi nikamshikia lile bango la herufi juani hadi mabega yakafa ganzi. Wazee walisubiri bila lawama. Tulipomaliza, wanne walirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu miwani yao ilikuwa imepata mikwaruzo kwenye beseni langu.

Mkono wa Mzee Masanja ulivunjika wakati wa palizi, kwa hiyo kila Jumamosi kwa msimu mzima nilivuka kwenda kupalilia pamba yake, nikifundishwa kushika jembe na Bibi Kabula huku majirani wakija kumtazama muuza mitumba. Mkono ulipona, ila umepinda kidogo. Mzee alinisamehe kabla ya mavuno, akanipa na kuku.

Sista Leokadia alichelewa zaidi. Nilimwendea mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Deo, kuosha miwani nimekusamehe zamani. Ule muda uliosimama pale unanitazama ndio bado." Nikamwambia nitangoja, na nilingoja zaidi ya mwaka.

Kukosea nitakosea tena, mimi ni mtu. Ila nimeapa kwamba kosa langu halitakaa tena mgongoni kwa mwingine, hata kwa muda wa kumeza mate.