Siku Tulipong'oa Mlingoti

Mama alikuwa na haja moja tu iliyomkaa moyoni: azikwe kando ya mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo, dada yetu ambaye hatukumwona, aliuawa na surua kabla hajajifunza kutembea, akazikwa nyuma ya nyumba ya kwanza ya wazazi wangu, karibu na migomba. Kisha serikali ya kikoloni ikataka pale pawe uwanja wa ndege. Baba na majirani wakahamishiwa ng'ambo ya barabara, na bwana mmoja wa serikali akawaahidi kwamba siku ndege zikikoma kutua, kila mtu atarudishiwa shamba lake. Baba alikufa akiiamini ahadi hiyo. Sisi tukairithi pamoja na majembe yake.

Usidhani ulikuwa uwanja wa maana. Mjini Kakamega kwenyewe walikuwapo watu wasiojua kama upo. Ilikuwa njia pana ya udongo wa murram, nyasi pande zote mbili, kibanda cha mlinzi, na mlingoti mmoja wa chuma wenye mfuko wa kitambaa juu, wa kumwonyesha rubani upepo unakotoka. Sisi tuliuita soksi. Ndege zilikuja kwa nadra, zikileta mkubwa fulani na mikoba yake. Mlinzi alipopiga filimbi, wenye ng'ombe waliwaswaga kando, na ndege ikishatua waliwarudisha.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja, na alimlishia pale pale chini ya mlingoti, kiangazi na masika, mwenyewe ameketi akichambua kunde. Mlingoti wa chuma hauna kivuli, lakini hakuna kati yetu aliyemuuliza kwa nini anapenda jua hivyo. Ndege zenyewe alizichukia kupita kiasi. Ikipita moja juu ya kichwa chake, aliitemea mate.

Miaka ya tisini ilipofika, kaunsili ya mji ikaamua kuufunga uwanja. Chifu alituita barazani akatueleza: ndege zitatua kwingine, mji unakua, kuna mipango ya viwanda. Habari ya viwanda iliingia sikio hili ikatokea lile. Tulichosikia ni kwamba ndege zimekoma. Mama, mwanamke aliyekuwa akikaa nyuma hata harusini, alisimama akapiga kigelegele. Jioni hiyo kaka yangu akanoa majembe yote. Mimi nilikuwa nimeolewa Lugari, nikaja na mbegu za mahindi kichwani, na furaha ya kijinga ambayo nikiikumbuka naona hasira mpaka leo.

"Mkianza kulima, pale kwa dada yenu msiguse," Mama alituambia. "Mimi ndio nitawaonyesha. Nitapanda mti wa lusiola hapo, na mimi mtanilaza kando yake."

"Sawa, Mama," kaka alisema. "Wewe ndio unajuanga."

Watu wa kaunsili walipokuja asubuhi na lori na tingatinga, tuliwashangilia. Naam, tuliwashangilia. Kaka alisema kumbe serikali ina utu, imetuletea hata mashine ya kufungulia shamba. Mama akaniita jikoni.

"Hawa watu hawawezi fanya kazi na njaa. Shika ile ingokho kubwa."

Basi tukamchinja kuku huyo, tukapika, tukasonga obusuma, ugali wetu. Huku nyuma, kaka na wanaume wa jirani wakawasaidia wageni wetu kung'oa mlingoti. Waliufunga kamba kwenye lori, wakaivuta pamoja nalo, ukatoka na zege lake. Msimamizi akampa kaka mlingoti huo kama shukrani. Jiko la Mama lilikuwa limeinama muda mrefu kwa kukosa nguzo imara, na kaka akaja akiuburuta, jasho na kicheko usoni.

"Mama, ona nguzo!"

Mama alikuwa ametoka na sinia la obusuma. Aliliweka chini, kwenye vumbi, kuku wakaanza kudonoa. Hapo nikajua kuna jambo, maana maishani mwake hakuwahi kuweka chakula chini.

"Nionyeshe shimo lake," alimwambia kaka. "Ilikuwa imesimama wapi? Nionyeshe shimo!"

Tulikimbia. Tingatinga ilikuwa imeshapita. Kutoka kibandani hadi barabarani palikuwa udongo mwekundu, tambarare, na nyasi zote zimekusanywa rundo upande mmoja. Dereva alizima mashine, akashuka, akavua kofia.

"Mama, hata mimi siwezi kujua. Nimesawazisha yote."

Kaka akaonyesha mahali. Jirani akaonyesha pengine. Kila mmoja aliyevuta kamba alikuwa na mahali pake na aliapa ni hapo. Mama alikwenda akasimama kila walipoonyesha, akatazama chini, akatikisa kichwa. Ndipo akatuambia. Watu wa mzungu waliusimika ule mlingoti kichwani pa kaburi, yeye akiwatazama kutoka barabarani. Tangu hapo hakuhofia kupotea kwa mtoto wake, kwa sababu alama yake ilikuwa mali ya serikali.

Shamba hatukurudishiwa. Ofisini walituuliza ni nani aliyeisikia ahadi kwa masikio yake, na wote walioisikia tulikuwa tumeshawazika. Ukajengwa ukuta, na nyuma ya ukuta maghala, na sakafu za saruji zikamwagwa juu ya dada yangu, popote alipo. Nilimlilia mtoto nisiyemjua kuliko nilivyomlilia baba.

Kaka, kwa kukosa la kufanya, aliusimika mlingoti jikoni. Mama hakukataa. Alihamishia kigoda chake hapo, akawa anauegemea. Ndege hakuzitemea mate tena. Ikipita moja juu sana, ikienda zake, alitoka nje akaitazama mpaka inapotea.

"Si mngeshukanga tu," alisema. "Si mngeshuka tu."

Alikufa kabla ya miaka hiyo ya tisini kwisha. Tulimzika uani, mahali ambapo hakupataka, kwa sababu hatukuwa na pengine. Watu walipoondoka kaburini, kaka aliingia jikoni akauchimbua mlingoti, na paa likaanguka nyuma yake. Hakugeuka. Akausimika kichwani pa Mama. Uko hapo hadi leo, una kutu, na kando ya Mama hakuna mtu.