Kilio cha Dubwana

Shemeji yangu mtaa mzima unamwita Masikio, na si kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa na hayo Mungu hakuyafanyia ubahili. Ni kwa sababu ya kazi. Miaka thelathini na sita alitengeneza sauti kwenye studio ya filamu. Ukisikia mtu anakimbia majanini, jua ni Masikio anakanyaga fundo la utepe mkongwe. Ukisikia mbavu zimevunjika, ni Masikio na kabichi. Dada yangu, mkewe, alikuwa akinunua kabichi mbili kila wiki, moja ya chungu na moja ya mbavu. Ukila naye utafune kwa adabu, maana atakuambia jino lako la nyuma limetoboka kabla wewe mwenyewe hujajua. Mimi ni msusi, mdomo ndio mtaji wangu, kwa hiyo kukaa naye meza moja kila Jumapili kulikuwa na mambo. Nilimpenda hivyo hivyo.

Kilichompa heshima ni filamu moja, Dubwana la Bwawani. Nasema ile ya zamani. Dubwana lenyewe lilikuwa seremala wa studio ndani ya mpira na magunia, zipu inaonekana mgongoni, watu wakacheka mpaka machozi. Wakacheka mpaka lilipolia. Kilio kile kilianza chini, pumzi iliyokwama, kikapanda, kikapanda, halafu kikakatika kabla ya kwisha. Ukumbi mzima kimya. Hata waliokuwa wakila bisi waliacha mkono kwenye mfuko. Kila aliyemwuliza Masikio alikitengenezaje alipewa jibu lile lile: mlango wa chuma wa ghala pamoja na mbwa mgonjwa, vikachanganywa, mwendo wa utepe ukapunguzwa nusu.

Mwaka jana ikaja kampuni kubwa yenye fedha zake kuitengeneza filamu upya. Dubwana likachorwa kwa kompyuta, kila gamba na mwanga wake. Kilio ndicho kiliwashinda. Walijaribu vilio kumi na vinne, vyote vikatupwa, ndipo wakaja nyumbani kwa Masikio na barua kuomba ruhusa ya kutumia kile cha zamani. Mtu huyu hubishana hata na risiti ya duka, lakini siku hiyo alitia sahihi kabla sijamaliza kumsomea. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, hasomi tena, kwa hiyo msomaji wa nyumba ni mimi.

Filamu ikatoka, na wahakiki wakaishukia. Jamani, walivyoishukia! Mmoja aliliita dubwana godoro lililonyeshewa likaota meno. Mwingine aliipa nusu nyota, akaeleza kwamba hiyo nusu ni ya kuwapa pole wafungua milango wa sinema, maana wao hawana ruhusa ya kutoka. Bwana mmoja wa redioni alisema waigizaji walilikimbia dubwana kama watu waliosahau chai jikoni. Lakini wote, kama waliokula kiapo pamoja, walifika mahali pamoja: kile kilio. Waliandika kuwa filamu ya saa mbili na nusu ina dakika moja tu ya kweli, nayo imeazimwa.

Kila Jumapili nilibeba magazeti kutoka saluni nikamsomea. Hakutaka habari za godoro wala za nyota. "Kilio wamesemaje?" ndilo swali lake. Nikimsomea sifa, anatikisa kichwa taratibu, anasema bado, kuna gazeti jingine? Nilimtania kwamba uzee umemfanya mwali, kazi yake kungoja kusifiwa. Hakujibu, naye si mtu wa kunyamazia utani wangu. Hapo ningeshtuka, lakini sikushtuka.

Kilio chenyewe kilituingia nyumbani. Kilikuwa kwenye matangazo ya redio, kwenye simu za watu, kwa watoto wa jirani waliojificha nyuma ya tangi la maji na kulia kama dubwana mpaka makoo yakauke. Na dada yangu, kwa fahari ya mumewe, alimwomba binti wa jirani akiweke kiwe mlio wa simu yake. Akipigiwa, dubwana linalia mfukoni mwa gauni lake, naye anacheka, anasema mzee anaitwa. Masikio aliinuka kila mara akaenda uani. Mimi nilidhani amekichoka.

Sasa niseme la dada, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Walipata mtoto mmoja tu, wa kike, tulimwita Kidoti kwa udogo wake. Alikuwa na kifua kibaya. Alipokuwa na miaka minne kilimbana usiku kucha, na asubuhi dada alikuwa na zamu kiwandani, wakati ule ukikosa zamu umekosa kazi. Alimwachia mumewe mtoto, akamwambia zahanati ikifunguliwa tu ampeleke. Aliporudi alikuta watu wamejaa. Masikio alisimulia kwamba dada alipotoka tu mlangoni, mtoto alizimia, hakusema tena hata neno, akambeba mbio. Daktari akasema wangemfikisha saa mbili tatu mapema, angepona.

Basi dada alipiga hesabu yake. Kama mtoto alizimia mara ile ile, basi alikuwa akifa tayari wakati mama yake anafunga viatu, na mama hakuona. Aliacha kazi. Hakutaka mtoto mwingine, alisema hastahili. Miaka thelathini na moja, ukikaa naye vizuri, mazungumzo yakitulia, atasema tu, "Nilimwacha hawezi hata kusema." Nimemwambia mara elfu kwamba si kosa lake. Nimemgombeza, nimelia naye, nimemnyamazia. Halikutoka.

Dubwana la kwanza lilionyeshwa miezi minane baada ya msiba ule. Tulisema maskini, kajitupa kwenye kazi ili asahau.

Jumapili moja saa nne asubuhi nilifika na gazeti la mwisho. Filamu ilikwisha kuondolewa kwenye karibu kumbi zote, na aliyebaki kuiandikia ni mhakiki mmoja mwanamke, mgeni kwenye kurasa zile. Masikio alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, dada mezani akikunja nguo. Nikasoma. Mhakiki aliiponda filamu kwa mistari miwili kisha akasema ataandika juu ya kilio peke yake. Aliandika kwamba ana mwanawe mwenye pumu, na kwa hiyo alikijua. Mwanzoni kabisa, kabla hakijakua, ni pumzi ya mtoto aliyebanwa na kifua. Hakuna mlango wala mnyama anayevuta pumzi hivyo. Alitoka ukumbini, akaenda nyumbani kumsikiliza mwanawe akiwa amelala.

"Ishia hapo," Masikio akasema.

Mimi nikiambiwa niishie huwa naendelea. Niliusoma mstari wa mwisho, kwamba yeyote aliyekirekodi kilio kile anajua alichokirekodi. Nilipoinua macho, dada alikuwa ameacha kukunja. Ameshika mkono mmoja wa shati, shati lenyewe linaning'inia.

"Mbwa gani yule?" akamwuliza mumewe.

Masikio alishika mikono ya kiti chake.

"Tulikuwa na mbwa lini sisi?"

Nilitaka kuingilia, niseme waandishi wana maneno, watu wa mjini hawakosi la kuandika. Ulimi wangu, ambao haujawahi kunikosea adabu ya kuja ninapouita, haukuja. Niliogopa. Niliona uso wa shemeji umelegea wote, kama mtu aliyetuliwa mzigo na kuvunjwa kiuno papo hapo, nikaelewa kwa nini alitia sahihi haraka vile na kwa nini kila wiki alitaka gazeti jingine. Hakuwa akingoja sifa. Alikuwa akingoja mtu asikie.

Dada alimwambia alete utepe. Hakupandisha sauti. Masikio alikwenda chumbani akipapasa ukuta, tukasikia sanduku linavutwa, akarudi na utepe ndani ya kopo la bati. Mashine ya kuuchezea ipo sebuleni miaka yote, studio walimpa alipostaafu, dada huiwekea kitambaa na maua. Aliondoa maua mwenyewe. Masikio alivisha utepe kwa vidole, bila macho, na aliposhika kitufe cha mwendo dada akamwambia auweke mwendo wake wa kweli.

Kwanza vyombo viligongana, maji yakamiminwa. Halafu kikohozi. Halafu sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka thelathini na moja, nyembamba, ya mtoto aliyechoka lakini yenye akili zake zote.

"Baba, twende."

"Tunaenda, mama," Masikio kijana akajibu. "Vuta pumzi kama vile tena, halafu ulie. Mara moja tu."

Mtoto akavuta pumzi, akalia. Ndicho. Ndicho chenyewe, chembamba tu na cha haraka zaidi, kile cha kwenye simu, kwenye redio, nyuma ya tangi la maji. Kikakatika.

"Ulisema mara moja," Kidoti akasema. "Hii ni ya ngapi?"

Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa gazeti. Masikio alinyoosha mkono kuizima mashine, dada akaushika mkono ule akaurudisha pajani pa mumewe, kwa upole kabisa, na upole ule ulinitisha kuliko kofi.

"Alikuwa anaongea," dada akasema.

"Mashine ilikuwa mpya, studio wameniazima nitafute kilio," akasema Masikio. "Nilidhani ni kifua kile kile cha siku zote. Nilidhani nusu saa haina neno."

"Ilikuwa nusu saa?"

Masikio alipapasa kopo la bati. Kwenye mashine mtoto alikuwa akiuliza kama zahanati imeshafunguliwa, na baba anamwambia bado kidogo.

"Nilijaza upande mzima," akasema. "Kisha nikaugeuza. Alikuwa akisinzia, nikangoja aamke."

Kila upande wa utepe huchukua saa moja na nusu. Nilimwuliza hilo mimi, nikajuta kuuliza. Dada alivuta kiti chake mpaka kwenye spika, akaniambia nifunge mlango, watoto wa jirani wanapiga kelele.

Tulisikiliza pande zote mbili. Nilidhani sitaweza, lakini dada alikuwa amekaa, nami ningeondokaje nimwache? Kidoti aliimba kidogo. Aliomba maji. Alimwita mama, akaambiwa mama yuko kazini, akasema anajua, amemwona akifunga viatu, mama alimbusu hapa. Dada akagusa paji la uso wake mwenyewe. Upande wa pili ulipokaribia kwisha, Kidoti aliacha kujibu. Tukamsikia baba akimwita, mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili kwa utani, mara ya tatu hapana. Kiti kikaanguka, mlango ukafunguka, na utepe ukaendelea kuzunguka ukinasa nyumba tupu mpaka ukaisha.

Masikio alikuwa akilia bila sauti, mdomo wazi. Alisema, "Mama Kidoti." Alisema tena. Dada hakumgeukia. Alinigeukia mimi, akanishika viganja vyote viwili kwa nguvu, macho mekundu, uso umelowa, nao haukuwa uso niliouzoea.

"Nilimwacha anaongea," akaniambia. "Umesikia? Nilimwacha anaongea."