Rangi Tisa Juu ya Fremu ya Suleimani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Fundi Mkuu wa Msambweni, ambaye karakana yake ilikuwa kibanda cha makuti mkabala na soko, alinikabidhi rimu iliyopinda na kuniambia niizungushe tu na kuitazama. "Ukijua inapopinda bila kuniuliza, nitakupa chombo," alisema. Niliizungusha mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita kwa kuwa sikuweza kukaa mahali pamoja, na yule mzee alikuwa mtu wa kwanza kunikalisha. Alasiri nilimwonyesha mahali penyewe. Alikaza spoki mbili robo mzunguko, akalegeza mbili za upande wa pili, na rimu ikanyooka. Nilirudi nyumbani nimeamua kuijua baiskeli yote.

Kwake nilikaa miaka miwili, kisha miguu ikaniwasha. Nilihamia Kikoneni, kwenye ghala la korosho, ambako baiskeli zilibeba magunia. Zile zilikuwa fremu za mirija minene ya chuma kizito, na kazi yetu ilikuwa kuziongezea vyuma ili zisivunjike mgongo. Karani wa Ghala alinikuta siku moja nimefungua gurudumu zima la nyuma, gololi zote ziko kwenye sufuria.

"Baiskeli hii ina ugonjwa gani?" aliuliza.

"Haina ugonjwa, bwana. Nataka kuona inavyofanya kazi."

"Basi uone upesi. Korosho hazitembei."

Nilifukuzwa baada ya mara ya nne. Nilikwenda Chale kutunza baiskeli za wageni, na kisiwani nikajifunza adabu ya chumvi: huanza kula ndani ya mrija, wewe ukiwa unapangusa nje. Kutoka hapo nilivuka kwenda hoteli moja ya Diani, chini ya Msimamizi wa Michezo, mtu wa ng'ambo aliyewahi kushindana katika ujana wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuitambua fremu ya mashindano. Mirija yake ni myembamba katikati na minene kwenye ncha, ili iwe nyepesi bila kuvunjika. Pale mirija inapokutana pana viungio vya chuma vilivyochongwa kwa tupa na kubanwa kwa shaba iliyoyeyushwa. "Usiiamini rangi," alikuwa akisema. "Rangi ni nguo." Nilidumu miaka minne, kisha sare ikanichosha, nikaja Kinondo na kujenga kibanda changu mwenyewe.

Ilikuwa miaka michache tu iliyopita, nikijiandaa kuacha kazi, alipokuja Bi Mwanatumu. Alikuwa mjane wa Mzee Suleimani, aliyezikwa miezi minne kabla. Alifuatana na shemeji yake, Mzee Hamisi, mwenye mashua, ambaye alikuwa amebeba fremu ya buluu isiyo na magurudumu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, Fundi. Marehemu alisema aliipanda hii kwenye mashindano, Likoni mpaka Lungalunga. Alisema alianguka, mrija ukapasuka, ukatiwa kiraka cha shaba cha ukubwa wa jani la mdimu, naye akarudi kushindana wiki iliyofuata. Wewe unaijua hadithi?"

Kinondo nzima iliijua. Walikuwa wakimwita Bingwa, na walimwita hivyo ili wacheke.

"Ndugu yangu alishinda mashindano mengi," alisema Mzee Hamisi. "Hasa yale ambayo hayakufanyika. Fremu hii aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama. Mpe mwenye chuma chakavu, shemeji, tukapumzike."

Bi Mwanatumu hakumtazama. "Nimekaa na mume miaka arobaini," aliniambia. "Nataka kujua nilikaa na nani."

Niliinyanyua fremu kwa kidole kimoja. Ilikuwa nyepesi kuliko inavyoonekana. Viungio vilikuwa na ncha nyembamba kama mkuki, na chini ya mrija wa juu, karibu na kiti, palikuwa na kikono kidogo chenye tundu. Watu wa Kinondo walidhani ni cha kufungia kamba. Ni cha kufungia kibao cha namba ya mshindani. Niliwaambia hivyo.

"Basi Mzungu ndiye aliyeshindana," alisema Mzee Hamisi.

Nilianza kukwangua rangi kwa mkono, kwa kipande cha kioo na msasa. Grinda ingemaliza siku moja, lakini grinda haitofautishi shaba na rangi. Nilipita buluu, kijani, nyeupe, buluu tena. Kila baada ya miaka michache Mzee Hamisi alipoipaka mashua yake, rangi iliyobaki marehemu aliipaka baiskeli, kuikinga na chumvi. Baada ya tabaka nane nilifika kwenye wekundu mzito wa matofali, mgumu, wenye uso laini. Nikadhani ni rangi ya chini ya kiwandani. Nilipapasa mirija yote. Hapakuwa na kiraka.

Nilimwita Bi Mwanatumu na kumweleza. Aliketi kwenye benchi la wateja, akakunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. "Haya," alisema. "Ahsante kwa kunambia kweli." Akaondoka polepole. Katika kazi yangu yote sijawahi kusema neno lililonilemea kama lile.

Hata hivyo sikutaka kuirudisha ikiwa mbovu. Nguzo ya kiti, ya alumini, ilikuwa imegandia ndani ya fremu kwa chumvi. Desturi yetu pwani ni kuipiga moto, lakini moto ungelegeza shaba ya viungio. Nilikwenda kwa mgema nikanunua mnazi, nikauacha uchache mpaka ukawa siki kali, kisha nikaitundika fremu miguu juu na kumimina siki hiyo ndani kupitia tundu la mhimili wa pedeli.

"Mtazameni Fundi," alisema Mzee Hamisi akipita. "Ameanza kuilevya baiskeli."

"Hii ni siki, mzee. Imeshatubu."

Siki ilivuja siku tatu, ikiteremka juu ya ule wekundu. Siku ya nne asubuhi nilikuta wekundu umevimba kama ngozi iliyoungua. Niliubandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na rangi ya chungwa, safi na yenye kung'aa.

Nilisimama nikajitukana. Ule wekundu haukuwa wa kiwandani. Ilikuwa rangi inayopakwa tumboni mwa mashua, chini ya maji, na niliiona kila siku ufukweni. Nilikuwa nimepapasa kiraka kupitia rangi nene ya mashua nikadai hakipo.

Niliukwangua mrija wa chini taratibu. Karibu na mahali mhimili wa pedeli unapopita, kioo kiliacha kulia kwa sauti ya chuma, kikatoa sauti nzito. Njano ilitokea. Kiraka cha shaba, ukubwa wa jani la mdimu. Na juu yake, kama walivyofanya mafundi wa zamani ili baiskeli isiibwe, zilikuwa zimegongwa kwa nyundo herufi moja moja: SULEIMANI KINONDO.

Niliwaita wote wawili nikamwomba Mzee Hamisi alete kidole chake. Alipitisha ncha yake juu ya herufi mara mbili.

"Rangi iliyofunika hapa ni ya mashua yangu," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mzee."

"Miaka yote hii nilikuwa nikimpa mwenyewe."

Bi Mwanatumu alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Bingwa," alisema. "Alhamdulillahi. Bingwa wangu." Kisha akafuta macho na kumgeukia shemeji yake: "Wewe utainunulia magurudumu."

Nguzo ya kiti ilitoka kwa mkono. Nilisaka rimu nyembamba Ukunda kote, nikairudishia fremu rangi yake ya chungwa, na kiraka nikakiacha wazi. Niliijaribu mwenyewe barabara ya Galu. Nguvu yote niliyokanyaga ilikwenda mbele, na watu waliokuwa wakipita walisimama kutazama.

Siku hizi nimestaafu, kama fundi asiye na barua ya ajira anaweza kustaafu. Mafundi vijana huniuliza siri ni ipi, nami huwaambia wakwangue kwa mkono, na wakidhani wamefika chini, wakwangue tena. Nilihama vituo vingi kwa udadisi, na wakuu wengi walidhani sitafika popote. Nimefika.

Fremu iko sebuleni kwa Bi Mwanatumu. Anayewasimulia wageni ni Mzee Hamisi. Juzi nilimsikia akisema kaka yake alimwacha mshindani wa pili kwa nusu saa nzima. Sikumsahihisha; fremu huonyesha mambo mengi, lakini muda haionyeshi.