Maji Yanakwenda Wapi

Enzi za Mwingereza, kanisani kwetu milimani juu ya Lembeni, ibada ya kufunga mwaka ilikuwa ya kuahidi. Kila mwaka baba alisimama akaacha pombe ya miwa. Mimi niliacha uvivu, ubishi na kununa. Mama hakusimama hata mara moja, nami nilikasirika. Alijiona nani?

Asubuhi ya mwaka mpya ilikuwa zamu yetu ya maji. Ndiva, lile bwawa la udongo la kijiji, ilikuwa imejaa, na mimi sikutulia. Nikakimbilia kizibo nizibue. Mama akanishika mkono.

"Yanakwenda wapi?"

"Shambani."

"Shamba lipi?"

Sikuwa nimefikiria. Akaziba michepuko yote ya mfereji kwa udongo na magome ya migomba, akabakiza mmoja tu, wa kwenda kwenye maharage. Ndipo akazibua.

Tulikuwa tukiyafuata maji, gari moshi likalia kule chini bondeni.

"Jana ulituambia unayoyaacha," mama akasema bila kugeuka. "Sasa unakwenda wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye moshi wa lile gari.

Akautazama, akanipa jembe.

"Basi anza kuziba."