Akili ya Baba Inayoporomoka Jioni

Baba ana ugonjwa wa Parkinson. Kliniki ya Embu ilimpa tableti yenye michezo ya kunoa kumbukumbu, na alama zote humfikia daktari. Baba hucheza asubuhi. Jioni nikitoka shule, mimi mwalimu wa hesabu, nilikuwa naichukua nicheze nijipumzishe kidogo.

Juzi daktari akampigia Mama kwa huzuni: asubuhi mzee yuko sawa, lakini jioni akili inaporomoka vibaya. Nikanywa chai yangu.

Mama akaita watu wa kanisa kutoka Runyenjes nzima. Mchungaji alipomwekea Baba mkono kichwani, Baba akauondoa polepole kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akauweka juu ya kichwa changu.

"Mchungaji, wa jioni ni huyu. Ombea hapa."